Sura ya Tano: Alhamisi za Kafedha

Mueni alifika zahanati ya Bi Jalila saa sita kasorobo, na kabla hajavuka kizingiti vizuri kompyuta ikazimika.

Hakuiona ikizimika. Alichoona ni Kafedha, karani wa mapokezi, binti wa miaka ishirini na mitatu, akiinuka nyuma ya meza yake, viganja viwili juu ya mbao, uso umechanua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo," alisema Kafedha, kisha akarudisha macho kwenye skrini, na furaha yote ikamtoka usoni. "Imekwenda tena."

Mueni alizunguka meza akachungulia. Skrini ilikuwa nyeusi, lakini kitaa chake cha pembeni kilikuwa bado kinawaka. Sanduku lenyewe, lililokaa kwenye rafu iliyopigiliwa chini ya meza, lilikuwa limenyamaza kabisa.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mama. Nimekuamkia tu."

"Basi imeniogopa," Mueni alisema, akatoa kalamu akaandika saa. Baadaye, alipokumbuka jinsi jibu lilivyowekwa mkononi mwake dakika ile ya kwanza naye akalifanyia mzaha, alijicheka peke yake.

Mueni hakuwa fundi wa kubahatisha. Miaka kumi na tisa alikuwa katika karakana ya polisi, akifungua kompyuta na redio zilizokamatwa kama ushahidi, na alipostaafu alifungua kibanda Chaani chenye viti viwili na meza moja. Watu walimletea mashine mbovu. Yeye alizipokea kama kesi. Hitilafu ya kudumu, alipenda kusema, ni mshtakiwa aliyekwisha kamatwa. Hitilafu ya mara moja moja ni mwizi aliye nje bado, mwenye saa zake, njia zake na watu anaowaogopa, na haikamatwi kwa kupigapiga sanduku.

Hii ya Bi Jalila ilikuwa imemtoa jasho. Kompyuta yenyewe ilikuwa mkongwe wa miaka kumi na saba, lakini kadi zote za wagonjwa zilikuwa ndani yake, katika programu ambayo mwandishi wake alihamia ughaibuni na haikubali kukaa kwenye mashine nyingine. Miezi miwili sasa ilikuwa ikizimika ghafla na kuwaka tena ikiwashwa. Mueni aliibeba akakaa nayo kibandani siku mbili, ikafanya kazi usiku na mchana bila hata kukohoa, mithili ya mgonjwa anayepona akimwona daktari. Akairudisha. Akabadilisha waya wa umeme, akangoja siku tatu, ikazimika. Akatoa kipande cha memori, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio, akairudisha, akangoja, ikazimika. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, ndiyo ilikuwa sheria yake. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hutajua nani alikuwa na hatia.

Mwisho akampa Kafedha daftari. Kila ikizimika, alimwambia, andika siku, saa, na aliyekuwa mbele yako. Na leo Mueni alikuwa amekuja kukaa mwenyewe, kwa sababu leo ni Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku iliyokuwa ikizimika sana.

Bi Jalila alimwita chumba cha nyuma. Alikuwa muuguzi mstaafu wa miaka sabini, mwenye sauti ya chini na buibui lisilo na mkunjo hata mmoja. Juu ya meza yake kulikuwa na chetezo cha udi kilichokwisha poa, na kando yake bahasha nyeupe.

"Hino ni barua ya kumwachisha Kafedha kazi," alisema bila kuzunguka. "Nimeiandika jana. Ikiadhiniwa alasiri nampa."

"Kosa lake?"

"Mashine yazimika naye tu. Siku zake ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku za mwenzake Hashim ni zile nyingine, na Hashim haijamzimikia hata mara moja. Nilidhani ni bahati. Mwezi uliopita nikamwambia Hashim amshikie Alhamisi yake moja. Akakaa mchana kutwa na wagonjwa wale wale. Haikuzimika."

Mueni aliyaandika yote. Ushahidi ule ulikuwa mzito, na hakupenda uzito wake.

"Wadhani aizima makusudi?"

"Sijui nidhani nini. Mimi nina wazee arubaini wa presha, na dawa zao zatoka kwa kadi. Wiki jana kadi ya Mzee Tinga ilikatika katikati, wallahi bado kidogo apewe dozi mara ya pili. Mtu angekufa mikononi mwangu, Mueni. Binti nampenda. Lakini kati ya kumpenda yeye na roho za watu, nifanyeje?"

"Nipe hadi alasiri."

"Ndio muda nilokupa," alisema Bi Jalila, akaitia bahasha mfukoni.

Mueni alianza na Hashim, kwa kuwa shahidi ambaye siku zake zinamtia mwenzake hatiani hana budi kuulizwa mapema, kabla hajapata muda wa kuyapanga maneno. Leo Hashim alikuwa kwenye dirisha la dawa, mtu wa miaka sitini na miwili, kofia ya viua, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, akihesabu vidonge kwa kijiti.

"Mimi simwonei binti wa watu," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Lasemwa na nani?"

"Na watu. Wasema kaja na kitu kutoka kwao Kaloleni."

"Wewe umekiona?"

"Kitu kama hicho hakionekani, Bi Mueni."

"Basi wewe ni shahidi wa kitu gani?"

Hashim akatabasamu kidogo, akakubali kushindwa. Mueni akamwomba amweleze siku yake kwenye kompyuta, toka asubuhi, bila kuruka kitu.

"Naja, naketi, naiwasha. Wagonjwa waniamkia, nawaitikia, nachapa. Adhuhuri nikienda kuswali naizima kwanza, ndipo niinuke. Nikirudi naiwasha. Goti hili halitaki mchezo, nikishaketi nimeketi."

"Kuna kitu kingine unachofanya tofauti na Kafedha?"

"Kuna kile kitambaa," alisema Hashim kwa sauti ya mtu atoaye siri. "Kalifunika sanduku kwa kitambaa cha kufuma. Mimi kwa siku zangu nakitoa."

Mueni alirudi mapokezi. Kweli sanduku lilikuwa limevikwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, aina ile inayotandazwa juu ya kila televisheni na kila kochi la nyumba yenye heshima. Alikiinua akaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa vuguvugu tu. Aliiwasha, akakirudisha kitambaa, akangoja dakika ishirini, akapapasa tena. Vuguvugu. Kitambaa kilikuwa na makosa yake, lakini si haya.

"Nilikifuma mwenyewe," alisema Kafedha, akimtazama kwa wasiwasi. "Nilidhani vumbi la barabarani linaingia."

"Linaingia kweli. Lakini mashine nayo yataka kupumua. Kitoe, ila usikitupe."

Alikwenda kwenye umeme. Kama kosa lingekuwa la umeme wa nyumba, skrini nayo ingezimika, maana vyote viwili vilichomekwa soketi moja. Na kitaa cha skrini kilikuwa hakijazima. Hata hivyo aliwasha kwa pamoja chombo cha kuchemshia vifaa, birika na friji ya chanjo. Taa za dari zikafifia. Kompyuta ikaendelea kuvuma. Ndege ikapita chini ikielekea uwanjani, madirisha yakatetemeka, na chupa za dirisha la dawa zikagongana polepole. Kompyuta ikaendelea kuvuma. Mueni akafuta mistari miwili kwenye karatasi yake ya washukiwa.

Ikawa saa saba, kisha saa nane kasorobo. Washukiwa walikwisha, na mwizi bado yuko nje.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, karibu na pazia, na daftari la Kafedha magotini. Joto la Port Reitz saa hizo humlaza mtu kwa ubembelezi. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka kama isiyo na haraka ya kufika popote. Pazia lilijaa upepo, likaachia, likajaa tena. Wagonjwa waliobaki walikuwa wamesinzia, vichwa vimeegemea ukuta wa kijani, na harufu ya udi wa asubuhi ilikuwa bado imekaa kwenye pembe za chumba, chini ya harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

Alisoma. Mwandiko wa Kafedha ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa na masista. *Alhamisi, saa nne na robo, Mzee Tinga. Alhamisi, saa tano, Bibi Nyambura. Alhamisi, saa tano na dakika kumi, babu mwenye bakora. Jumanne, saa tatu, mama mkubwa wa Chaani.* Kurasa nne za namna hiyo, na Jumamosi hazikuwamo.

"Kafedha."

"Abee."

"Jumamosi hamna wagonjwa?"

"Jumamosi ndiyo hujaa zaidi, mama. Ni kliniki ya watoto wachanga."

"Na haizimiki?"

Kafedha alifikiri. "Haizimiki," alisema, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwa ndio kwanza analisikia. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Mama, najua kuna barua. Nimeuona uso wa Bi Jalila. Kazi nitatafuta nyingine. Lakini nikitoka hapa kwa jambo hili halitaniacha. Huko Kaloleni hadi hapa Changamwe nitakuwa yule binti anayezima mashine. Nani atanipa mlango wake nifungue?"

Mueni hakutaka kumdanganya. Alimwambia arudi kazini.

Kisha, lazima tuseme ukweli, mpelelezi akasinzia. Hakusinzia kabisa, alikuwa pale mtu anaposikia kila kitu lakini hakijali. Alisikia pazia. Alisikia vidonge vikimwagwa juu ya sahani. Alisikia mtoto mbali sana, na ndege nyingine, na chini ya yote ule mvumo mwembamba wa kompyuta, usiokatika, aliokwisha uzoea hata ukawa sehemu ya usingizi wenyewe. Kwenye usingizi huo alikuwa Makueni, nyumbani kwa mama yake, na wageni walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia watoto waliinuka. Kiti kikasukumwa. Sauti changa ikasema shikamoo, babu. Sauti ya kale ikasema marahaba. Na kitu fulani kikakosekana.

Alifumbua macho. Kilichokosekana ni mvumo.

"Imekwenda," Kafedha alikuwa akisema. Alikuwa amesimama, viganja viwili juu ya meza. Mbele yake kulikuwa na mzee mwenye bakora.

"Usiondoke hapo," alisema Mueni. "Usiinue mikono. Kaa hivyo hivyo."

Aliinuka na daftari. Hakukimbilia sanduku, alikimbilia ushahidi.

"Bibi Nyambura alipoingia, ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nilisimama, mama."

"Na Mzee Tinga?"

"Nilisimama. Mtu mzima huwezi kumwamkia umekaa. Nyumbani ningechapwa."

"Na huyu mama mkubwa wa Chaani?"

"Naye pia. Nilisimama nikampa mkono."

"Na wale wa Jumamosi?"

"Wale?" Kafedha alikaribia kucheka. "Wale ni rika langu. Twaulizana mambo tu, nimekaa zangu."

Mueni alipiga magoti sakafuni. Meza ilikuwa ya mbao nzito, ya zamani, na mguu wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa umesimama juu ya kigae kilichodidimia. Alimwambia Kafedha akae, kisha ainuke tena kwa namna anavyoinuka siku zote. Binti alipoegemea viganja, meza ikalala mbele kiasi cha unene wa kidole, na rafu ikalala nayo, na sanduku juu ya rafu. Alipoondoa mikono ikarudi. Haikutoa sauti kubwa kuliko mtu akifunga kitabu.

"Meza hii imekaa hapa tangu lini?"

"Ilikuwa pale ukutani. Bi Jalila aliihamisha, ili mgonjwa akiingia aonekane."

"Lini?"

"Ni kama miezi miwili hivi."

Fundi mwingine angechomoa bisibisi hapo hapo. Mueni hakuchomoa. Kukisia ni rahisi, na barua iliyo mfukoni mwa Bi Jalila haingefutwa kwa kukisia. Alikwenda chumba cha nyuma akamwomba mwenye zahanati jambo la ajabu: atoke kwa mlango wa uani, azunguke nyumba, na aingie kwa mlango wa mbele kama mgonjwa. Kisha akaenda dirisha la dawa.

"Bwana Hashim, njoo ukae kwenye kompyuta."

"Leo si siku yangu."

"Ndiyo sababu nakutaka."

Hashim alikuja akichechemea, akaketi, akaiwasha. Mashine ikavuma. Alichapa jina, akafungua kadi, akafunga, akamtazama Mueni kwa jicho la kusema umeona. Wagonjwa walikuwa wameamka sasa, wote, na hakuna aliyejua anangoja nini.

"Ataingia mtu mkubwa kuliko wewe," Mueni alimwambia. "Goti likuvumilie mara moja tu. Mwinukie, kama ungekuwa kijana."

Pazia likasogea. Bi Jalila aliingia na jua nyuma yake, buibui limenyooka, bahasha imechungulia mfukoni. Hashim akaweka viganja viwili juu ya meza na, kwa kuwa goti lilikuwa bovu, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

Mvumo ukakatika.

Hashim aliitazama skrini nyeusi, kisha mikono yake mwenyewe, kisha Kafedha aliyekuwa amesimama kando na kitambaa chake cha kufuma kifuani. Bi Jalila alisahau kuitikia.

"Sasa tulifungue," alisema Mueni.

Alichomoa umeme, akaondoa bati. Hakutafuta sana, kwa sababu sasa alijua anatafuta kitu gani: kitu kinachoshika vizuri kikitulia na kuachia kikitikiswa. Ile plagi pana, iletayo umeme kutoka saplai, yaani kisanduku cha kugawa umeme, kwenda kwenye bodi kuu, aliivuta nje akaigeuza kwenye mwanga. Kati ya pini zake zote, moja ilikuwa imeungua ikawa kahawia, na kikombe chake cha kuishikia kimelegea. Ilikuwa imeshika kwa ncha tu, labda mwaka mzima, bila kumsumbua mtu ambaye haisogezi.

"Kwangu kibandani haikuzimika," alieleza, "kwa sababu meza yangu haitikisiki. Kwa Bwana Hashim haikuzimika kwa sababu yeye ndiye anayeamkiwa, goti lake halimwinui hata kwa wakubwa wake, na akiinuka kwenda kuswali huwa ameshaizima. Jumamosi haizimiki kwa sababu wanaokuja ni kina mama wa rika la Kafedha. Alhamisi ni siku ya wazee wa presha, na Kafedha hajawahi kumwamkia mzee akiwa amekaa. Kosa lake lote ni hilo. Huyu binti ana adabu."

Alisema mengine ya kifundi ambayo hayakusikilizwa. Alikibana kile kikombe kwa ncha ya sindano, akasugua pini hadi ikang'aa, akaahidi kuleta saplai nyingine Jumatatu, maana kilichoungua mara moja hakiaminiki. Akafunga bati, akaiwasha.

"Na huu mguu wa meza?" aliuliza Bi Jalila. "Wataka nini?"

"Karatasi ngumu tu. Kitu chochote cha kukunja."

Kwa mbali, kutoka msikiti wa upande wa barabarani, adhana ya alasiri ilianza. Bi Jalila alitoa bahasha mfukoni. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena ya tatu, akaibonyeza kwa kidole gumba, akataka kuinama.

"Nipe mimi," alisema Hashim.

"Goti lako, Hashim."

"Nipe, Bi mkubwa."

Aliichukua. Alijua ilikuwa nini, maana jina lilikuwa bado linasomeka kwenye ukingo. Alishuka polepole, mkono mmoja ukutani, akapiga goti lile bovu juu ya vigae, mbele ya wagonjwa wote, akaisukuma chini ya mguu wa meza hadi ilipogoma kwenda. Alikaa pale chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema, bado akitazama sakafu.

Kafedha alimshika mkono akamwinua, kisha akaenda kuketi kwenye kiti chake, akafuta macho kwa kitambaa cha maua ya waridi, akafungua kadi iliyofuata.

Pazia likajaa upepo, na nyuma yake akaingia Mzee Tinga, mwembamba, kofia mkononi, amechelewa kuliko Alhamisi zake zote. Kafedha akaanza kuinuka. Kisha akasita nusu njia, viganja hewani, akaitazama mashine.

"Inuka, mama," alisema Bi Jalila. "Mgeni yungoja."

Akaweka viganja juu ya mbao, akainuka hadi mwisho.

"Shikamoo, mzee."

Watu tisa waliinamisha shingo kuelekea sanduku lililo chini ya meza, na hakuna hata mmoja aliyepumua.

"Marahaba," alisema Mzee Tinga, akishangaa ni kwa nini leo hakuna anayemtazama. Na chini ya sauti yake, mwembamba, usiokatika, mvumo ukaendelea.